Muwa wa Lennart

Rockville, 9 Februari 1998

Kwako kaka yangu Gwakisa,

Shikamoo kaka. Wewe na wifi na watoto mmeamkaje huko? Lile goti lako limepoa? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna mifupa.

Barua ya posa ya Lennart, yule Mswidi wa mwanangu Vumilia, najua umeipata, na tangu baba Vumilia afariki mwenye kauli ni wewe. Kaka, mimi simtaki. Miaka kumi na tisa anapuliza saksafoni! Alianza kwao kwenye bendi ya mtaa, akapiga jazi melini, leo anawapigia watu wanaokula hotelini Arlington, hata shingo hawageuzi. Mshenga wake ni mpiga ngoma, Kwabena, kaingia kwangu na kofia kichwani. Nilimuuliza Vumilia anaolewa na mume au na redio. Akasema mama, punguza ulimi.

Basi bendi kubwa ikamwita Lennart, ya kuzunguka Amerika nzima na kurekodi. Majaribio Jumamosi. Vumilia akasema akipita wanafunga ndoa, anaondoka naye. Ningebaki na nani mimi?

Alhamisi Lennart akaja na Kwabena, Vumilia hajarudi kutoka kazini. Nikampa muwa na maganda yake. Akaomba kisu, Kiswahili cha kuombea kisu anacho. Nikamcheka, nikamwambia kwetu mwanamume anayeoa hamenyewi muwa kama mtoto, anamenya kwa meno. Akaona haya, akauma. Jino la mbele, kaka, likakatika.

Saksafoni hushikwa kwa meno ya juu. Jumamosi ilikwaruza kama bawaba, wakamchukua mwingine. Kwabena aliniangalia kama mchawi. Lennart mwenyewe amewaambia watu aliteleza kwenye barafu. Kunitaja hakunitaja, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwabena alimweleza Vumilia, naye akaniuliza kama aliwahi kuniambia jino lile ni bovu. Nikaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hakuniambia. Sasa mtoto analia, anasema kosa ni lake, angenionya.

Kaka, alinionya. Jumanne, tukikunja nguo, alisema lilivunjika utotoni, limegandishwa tu, hata tufaha Lennart haumi. Jumatano nikaenda kununua muwa.

Simpendi hata leo, usidhani nimelainika. Ila posa ijibu mwenyewe, usinisikilize mimi. Na ukimwandikia Vumilia, mwambie alinionya. Mimi kila nikifungua mdomo kumwambia, namwuliza kama amekula.

Wifi mpe mkono wangu, watoto wabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Leokadia