Ua wa Tausi

Mjukuu wangu Hamisi,

Huku Handeni hatujambo, na mbuzi wako amezaa. Umeuliza kwa nini vyumba vyako havipati wapangaji.

Enzi za Mwingereza, mimi na babu yako tulijenga vyumba Korogwe, tuwapangishe wafanyakazi wa mkonge. Vyetu vya bati, milango yote barabarani. Vya jirani yetu Tausi viliezekwa nyasi, lakini vilijaa. Wivu ukanikaba. Nikamuuliza mke wa mpangaji wake amependa nini kule.

“Kuna ua, dada. Kwako nitapikia wapi, mbele ya wapita njia?”

Tukatoboa milango nyuma, tukazungusha ua, watu wakaja. Tausi alishafariki, lakini nikipita Korogwe nikaona moshi uani kwake, bado roho inaniuma kwa wivu.

Bibi yako