Nilipita na Chai Katikati ya Duara la Mke Wangu

Mama Gwenllian mpendwa, nisaidie kabla sijampoteza mke, maana mimi ni Mdruidi na Tegwen wangu ni mfuasi wa Wicca, dini mbili za waabudu maumbile, na watu wa mji wetu huu wa Machynlleth wanadhani ni kitu kimoja kwa kuwa sikukuu zetu nane ni zilezile, kumbe sisi tunakutana mchana kweupe chini ya mwaloni, mashairi yanasomwa, mbwa na watoto wanakatiza, atakaye aje, ila wao wanakutana mwezi ukiwa mpevu, waliokula kiapo tu, na akirudi nikimuuliza, "Mlifanya nini?" ananijibu, "Tuliabudu, mpenzi, nenda kalale," basi roho haitulii, na juzi jioni walikutana bustanini kwetu, kuna baridi, nikaona niwafanyie wema, nikawapelekea chai na mkate wa zabibu mpaka katikati yao.

Tegwen akapiga kelele, "Emrys! Umepita ukutani!"

"Ukuta gani? Mbona naona nyasi tu?"

Kuhani wao, Bibi Morfudd, akashusha kile kisu anachochorea duara, akasema, "Haya, tuanze upya." Hakuna aliyegusa chai.

Tulifungwa mikono kwa utepe, ndoa ya mwaka na siku moja, na muda unaisha Jumamosi. Tegwen anasema hajui kama atafunga tena. Nimekosa nini, mama? Chai tu!

Emrys

Jibu la Mama Gwenllian, mshauri wetu wa ndoa: Emrys, chai tu? Usinichekeshe. Pole, najua kulala kando ya mtu mwenye siri kunaumiza. Lakini ulikwenda kuchungulia, mwanangu, sinia lilikuwa kisingizio. Duara lenu liko wazi, kila mtu anaingia. La kwao likishachorwa limefungwa kama kwa ukuta, na anayetaka kuingia husimama nje mpaka afunguliwe. Umeishi naye mwaka mzima, usiniambie hulijui hilo. Kiapo alikula kabla hajakufahamu, na mtu anayetunza kiapo hivyo unampeleleza wa nini?

Acha maswali yako ya usiku. Nenda kwa Bibi Morfudd ukamwombe radhi, na usimame nje ya geti mpaka akukaribishe.

Halafu rudi nyumbani. Ninyi Wadruidi kabla ya ibada huzigeukia pande nne mkiuliza kwa sauti kuu, "Je, kuna amani?" na pasipo amani hamuanzi. Jumamosi usikimbilie utepe. Mfuate Tegwen jikoni, muulize swali hilohilo kwa sauti ya chini, kisha nyamaza umsikilize. Akisema hakuna, utepe ubaki mezani mpaka iwepo.