Tunaenda Kura

Mjukuu wangu Nafula,

Habari za Mombasa? Sisi wazima, na ng'ombe wako amezaa. Unauliza kwa nini mbishi kama mimi huanza kila ubishi kwa kuuliza, "Umesikia nini?"

Nikiwa msichana, mimi na rafiki yangu Shikuku tulizunguka Tanzania kwa pikapu kuukuu. Kwenye kizuizi askari akauliza tunaenda wapi.

"Tunaenda kura, afande," Shikuku akajibu.

"Wakenya mpige kura hapa? Rudini kwenu!"

Nikashuka kumfokea kuhusu haki za wasafiri na wapiga kura. Akachukua ufunguo wa gari. Shikuku akainua sufuria tupu. "Afande, kura! Ugari!"

Askari akacheka hadi akaketi. "Kumbe njaa!" Akatugawia wali wake.

Nikala nao. Nilikuwa nimetetea kura ambayo hatukuitaka; tangu hapo, kabla ya kubisha huuliza kwanza mtu amesikia nini.

Je, huko wewe husikia nini?

Bibi yako, Kukhu