Gari Lililobeba Godoro

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili nimetumwa na mjukuu wako Kasuku, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu akitaka kujua ninaandika nini. Nimemwambia ni mambo ya wakubwa, akanijibu kwamba mambo ya wakubwa kila mara humhusu yeye. Hujambo lakini? Na lile goti? Mdogo wangu ameniambia unalikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na kwamba unamgombeza mkewe akiyaacha yapoe. Mwonee huruma mkweo, Baba, anakudekeza kuliko sisi uliotuzaa.

Sisi huku tu wazima. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe kwa miwani yako ya kusomea, usimwite mtu. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe na simu mnajuana: unapaza sauti kana kwamba unamwita mtu ng'ambo ya mto, unauliza kama tumekula, unasema haya sawa, unakata. Na jambo la leo ni refu.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Majuma matatu yaliyopita tulipata ajali ya gari, na hakuna aliyeumia. Kasuku aliuma mdomo wake mwenyewe ukavimba, akashindwa kusema kutwa nzima, nyumba ikapoa hadi jirani akaja kuuliza kama tumesafiri. Mimi nilipata alama ya mkanda begani tu. Gari ndilo lililoumia, pua yote imeingia ndani.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimefunga duka la miwani mapema ili nimpeleke Kasuku kununua viatu vya shule. Tulipokaribia kituo cha mafuta upande wa kulia, gari jeupe likachomoka pale bila kusimama wala kutazama, likaja moja kwa moja mbele yetu. Nikakata usukani kushoto, nikapanda ukingo wa njia, nikagonga nguzo ya bango la matangazo. Lile jeupe liliwasha taa za breki kidogo, likasita, kisha likaenda zake. Hatukugusana hata kidogo. Nilibaki nimeshika usukani, na mtu wa kwanza kumkumbuka ulikuwa wewe.

Mkaguzi wa bima alikuja nyumbani Jumanne, kijana mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinieleza kwa heshima zote kwamba kwa kuwa magari hayakugusana, na lile jingine halijulikani, basi kwenye karatasi zao mimi ni dereva aliyetoka barabarani peke yake. Kosa ni langu. Punguzo nililolijenga kwa miaka tisa bila kudai chochote litafutwa, bima ya mwaka ujao itapanda, na sehemu ya matengenezo nitajilipia. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningefunga breki tu na kuacha tugongane. Akasema ingekuwa rahisi zaidi, maana rangi ya gari lile ingebaki kwenye gari langu. Nilicheka, Baba, ingawa si jambo la kuchekesha. Yaani aliyekwepa ndiye mwenye makosa! Kisha akaniuliza kama nina shahidi, na kicheko kikaniishia.

Maana swali hilo niliwahi kulisikia sebuleni kwetu, nikiwa na miaka tisa, nimejificha nyuma ya pazia la mlango.

Mwaka ule unaujua kuliko mimi, lakini niache niusimulie, kwa sababu tangu ajali hii nimekuwa nikiuishi upya. Nalikumbuka lile gari la mikate, rangi ya maziwa, mlango wa kushoto ukifungwa kwa kamba. Nilikuwa nikitoka shule nakimbilia kona ya fundi viatu, nasimama hapo nikijifanya natazama soli, hadi nisikie honi yako. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mkate ambayo mpaka leo nikipita karibu na tanuri hunisimamisha njiani. Ulikuwa ukiniwekea mkate mmoja uliopinda, ule ambao wateja huukataa, ukinimegea ncha yake na kuniambia mimi ndiye utingo wako, kwamba hakuna gari la mizigo linalokwenda bila dereva na msaidizi. Jina la Utingo likanishika hadi Mama naye akawa ananiita hivyo. Uliendesha ukiimba, na ukifika karibu na nyumbani ulipiga honi mara mbili ili Mama aweke chai jikoni. Sijawahi kuwa mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa kwenye kiti kile.

Na ule mchezo wetu, je? Tajiri wako alikuwa amekataza abiria, kwa kuwa bima ya gari ilikuwa ya dereva peke yake. Basi tukikaribia duka la mteja anayemjua tajiri, ulikuwa ukisema "Mvua!" nami nainama chini ya dashibodi na kujifunika kitambaa cha kufunikia mikate. Tukishapita unasema "Imekatika," naibuka. Mara nyingine ulisema mvua mahali pasipo na duka wala mtu, kunijaribu tu kama nitatii. Nilikuwa natii, nawe unacheka mpaka unapaliwa.

Alhamisi ile, pale kwenye mteremko wa kinyozi, ulisema mvua nikainama. Kilichofuata ni gari kuyumba na kishindo. Tulikuwa tumeingia kwenye ukuta wa kinyozi. Yeye mwenyewe alitoka na mashine mkononi, nyuma yake mteja kichwa nusu kimenyolewa, na mikate imetapakaa barabara nzima. Kuna bibi aliokota mitatu, akakurudishia mmoja na kukupa pole. Wewe ulinitoa dirishani, ukanipapasa mikono na miguu, ukanifuta pua, ukaniambia nipite uchochoroni nikimbie nyumbani. Ukasema mtu yeyote akiniuliza, sikuwemo na sikuona kitu. Ulirudia mara mbili: mtu yeyote.

Siku ya pili yake ndipo mtu wa bima alipokuja na mkoba wake, akakaa kwenye kile kiti cha wageni chenye kitambaa cha kufuma. Ulimwambia gari lilikujia usoni likiwa upande wako, ukalikwepa. Akakuuliza shahidi yuko wapi. Ukasema hukuwa na mtu. Mteja wa kinyozi alikuwa amefumba macho, kinyozi alikuwa amegeukia kioo. Yule bwana akasema labda ulisinzia, au labda ulikwepa kivuli. Ulibisha, nikakusikia ukibisha, na sauti yako ilikuwa na uhakika. Lakini kesho yake asubuhi ulivaa shati lako la safari, ukaenda mwenyewe ofisini kwao, ukatia saini kwamba huna hakika kama kulikuwa na gari.

Yaliyofuata sote tunayajua. Kampuni ilimwandikia tajiri kwamba haitakubali bima ya gari lolote litakaloshikwa na wewe. Tajiri hakukufukuza, alikuonea haya, akakuhamishia chumba cha kufungashia. Miaka kumi na tisa ukaifunga mikate kwenye karatasi huku madereva wengine wakiipakia. Wakakubatiza Bwana Kivuli, ukawa unacheka nao. Nyumbani hukucheka. Ukaanza kusema macho yako si mazima. Mama akakulisha karoti hadi ukazichukia. Ukawa huvuki barabara mpaka mtu akushike mkono, na hadi leo unamwuliza Kasuku mara mbili kama kweli njia ni nyeupe. Watu wakiniuliza kwa nini nilijifunza ufundi wa miwani, nawaambia niliipenda kazi. Si uongo, lakini si yote.

Nirudi kwa huyu mkaguzi wa kalamu tatu. Aliponiuliza shahidi, nilifungua kinywa niseme sina. Kasuku, na mdomo wake uliovimba, akanyoosha kidole kama yuko darasani. Akasema yeye aliliona. Jeupe, lina gurudumu la akiba mgongoni lenye jalada la picha ya simba, taa moja ya nyuma imepasuka, na dereva alikuwa anakula. Yule kijana alinieleza kwamba neno la mtoto wa mwenye bima halitoshi peke yake. Hata hivyo aliliandika lote, kisha akapita kituo cha mafuta. Mhudumu wa pampu alivyosikia simba tu akacheka, akasema huyo ni mteja wao. Wakatazama kamera, gari likaonekana likitoka bila kusimama, nasi tukionekana tukilikwepa. Juzi wamenipigia kuniambia faili langu limefunguliwa upya na huenda kosa likahamia kwa mwenye gari lile.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikwenda kukaa bafuni nikafungua bomba ili Kasuku asinisikie. Kilichoniuma ni wepesi wa jambo lenyewe, Baba. Mtoto alisema, mtu mzima akaandika, mwingine akaenda kutazama. Basi, ikaisha.

Sasa ndio nafika kwenye jambo lenyewe, na kama umesimama naomba ukae.

Jioni ile, mtu wa bima alipokwisha kuondoka, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nikimsaidia Mama kuchambua mchele. Ulikuja ukachuchumaa mbele yangu, ukaniuliza polepole kama niliona lile gari. Nikakujibu kwamba sikuona kitu, mvua ilikuwa bado inanyesha. Ukanishika kichwa, ukainuka, ukaenda kukaa peke yako nje.

Nililiona, Baba.

Lilikuwa la kijani. Juu yake kulikuwa na godoro la mistari lililofungwa kwa kamba, na upepo ulikuwa umelikunja likaanguka mbele ya kioo, dereva ametoa mkono nje anajaribu kulisukuma. Alikuwa upande wetu kabisa. Asingetuona hata kidogo. Usingekwepa, leo pasingekuwa na wa kuandika wala wa kuandikiwa.

Nilikudanganya kwa sababu mbili. Ya kwanza, ulisema mtu yeyote, na kwa akili ya miaka tisa nilidhani na wewe umo. Nilidhani unanijaribu kama ulivyozoea, na kwamba nikijibu vizuri utacheka. Hukucheka. Ya pili ndiyo niliyoificha hata nilipokuwa mkubwa. Hukuwa umesema imekatika. Niliinua kichwa mapema, nilitaka kuona vile vichwa vilivyochorwa kwenye ukuta wa kinyozi. Kukiri kwamba niliona ni kukiri kwamba sikutii, nami niliogopa hutanichukua tena. Nilikuwa nakilinda kiti changu. Kumbe tulikipoteza wote wawili.

Mama, Mungu amrehemu, aliniambia alipokuwa anaumwa kwamba jioni ile ulimwambia Utingo wako hajawahi kukudanganya, kwa hiyo kama hakuliona, basi halikuwepo. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, nina duka langu. Ningeweza kutoka pale hospitali nikaja kukueleza. Kila mwaka uliopita uliufanya ugumu uzidi, na mimi nikachagua kuwa mwoga. Nisamehe.

Kuna jingine. Miwani yako ya kusomea ni ya kweli. Lakini ile ya fremu nyeusi, ya kutazamia mbali, ile usiyotoka getini bila kuivaa, ni vioo vitupu. Nilikupima mara tatu siku ile ulipokuja dukani. Macho yako ya mbali ni mazima kuliko yangu. Lakini ulikuwa umekaa kwenye kiti kile umeshika kofia kwa mikono miwili, na sikuweza kukuambia huna ugonjwa bila kukuambia kwamba gari lile lilikuwepo. Nikachonga vioo visivyo na kitu. Ukavivaa, ukatazama dirishani, ukasema dunia imerudi. Nilikwenda nyuma ya duka nikalia.

Faili lako haliwezi kufunguliwa, Baba. Tajiri hayupo, na ofisi ile sasa wanauza simu. Basi shahidi anatoa ushahidi wake hapa, kwa kuchelewa: nilikuwemo ndani ya gari, nililiona gari la kijani lililobeba godoro likija upande wetu, na dereva wetu alifanya alichopaswa kufanya. Hakuwa na kosa lolote.

Ukimaliza kusoma, vua hiyo miwani nyeusi, utoke kibarazani, utazame mpaka mwisho wa barabara. Utakachokiona kipo.

Msalimie mdogo wangu na mkewe, mwambie huyo mkweo maji ya goti yasipoe. Wasalimie majirani wote wanaotuulizia. Kasuku anasema kuanzia sasa wewe ndiye utakayemvusha yeye barabara, maana siri hawezi kuitunza na ameshasoma nusu ya barua hii begani kwangu.

Tutakuja mwisho wa mwezi. Nikifika mlangoni kwako nitainama, na safari hii sitainua kichwa mpaka nikusikie wewe mwenyewe unasema imekatika.

Ni mimi mwanao,

Utingo