Makopa Juu ya Sola ya Mama

Jumapili, Rahaleo. Jua limewaka kutwa, gauni langu bado lina vumbi la Mahurunga, kijijini kwa mama, na sijui nicheke au nilie.

Tangu mama ateguke mguu kwa kujikwaa gizani akienda jikoni, mimi na kaka tulimpa sharti: nyumba yake ifungwe sola, au ahamie kwangu hapa mjini. Habari ya mjini hakutaka hata kuisikia. Basi sola ikafungwa. Paneli ikawekwa juu ya paa la jiko, ambalo ni fupi, mtu anafika kwa mkono, ili awe anaifuta vumbi mwenyewe.

Wiki mbili taa iliwaka vizuri. Kisha ikaanza kuzima kabla hata ya swala ya isha. Kaka akasema imetosha, mama ahame. Mimi nilimlaumu fundi kwa maneno makali, huku chumba cha nyuma hapa kwangu nimeshakipaka rangi na kutandika kitanda.

Nilikuwa naomba ile taa isipone.

Leo nimefika kwake saa sita mchana, na paneli sikuiona. Niliona makopa meupe, vipande vya muhogo wa kukausha, yamepangwa ukingo hadi ukingo, vilevile tulivyokuwa tukiyapanga juu ya bati enzi zile. Baba alikuwa akinibeba mabegani niyageuze. Jioni tulikuwa tukila ugali wa makopa hayo kwa mwanga wa koroboi, na asubuhi tukiamka pua nyeusi kwa masizi. Baba hayupo tena. Leo nimeukumbuka hadi ule moshi.

"Pale mbuzi hafiki, mwanangu," mama aliniambia, "tena panashika moto, siku mbili tu yamekauka. Mie nkaona fundi katuletea neema mbili."

Hakuna aliyemweleza kwamba paneli ndiyo inayoshika jua la kuwasha taa. Sote tulimwonyesha swichi tu, tukaondoka.

Ningeweza kunyamaza. Nilisimama pale na kopa mkononi nikikiwaza chumba cha nyuma, na namna ambavyo angekuwa akiniamsha alfajiri kwa kukohoa kwake kwa makusudi, kama zamani. Naona aibu kuandika kwamba nilisimama muda mrefu.

Mwishowe nikamweleza. Nikatandika mkeka uani, tukayahamisha makopa, naye akinicheka kwamba bado nayashika kitoto. Mbuzi alikuja, akafukuzwa kwa kandambili. Fundi nitampigia nimwombe radhi.

Mama amepiga simu sasa hivi. Isha ameshaswali, taa inawaka, anasuka ukili wa mkeka chini yake, nyumbani kwake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi.

Nimefurahi, Mungu anajua. Nimekaa kwenye kile kitanda cha chumba cha nyuma. Nilikuja kutoa shuka, nimeshindwa.

Labda kesho.