Mfuko wa Sembe Niliovuka Nao Tunduma

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Vwawa hatujambo. Kahawa imeanza kuiva, na babu yako analalamikia mguu, ila kanisani anawahi kuliko wote.

Unauliza ubebe unga kiasi gani kwenda Ethiopia, maana umesikia hawali ugali. Nimecheka mpaka babu yako akaja kuangalia kuna nini.

Nilipokuwa msichana, dada yangu aliyeolewa Zambia alijifungua, nikatumwa kumsaidia mwezi mzima. Nilisikia kwa wakwe zake wanakula ugali wa ulezi. Mimi ulezi niliujua kwenye uji tu, basi nikavuka Tunduma na mfuko wa sembe, wangu peke yangu. Mama mkwe wa dada akaupokea kwa mikono miwili, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu. "Natotela, mwanangu!" Yaani asante. Akaita majirani, akawagawia wote. Kwao mgeni hali chakula chake. Alichobeba ni zawadi.

Siku ya kwanza ulezi niliumeza kwa maji. Siku ya tatu nikaomba wanifundishe kuusonga.

Nilipoondoka, yule mama alinijazia mfuko wangu. Mama yangu alipoufungua akashangaa: "Unga umepatwa na nini, mbona mwekundu?"

Nikamwambia, "Kaa, mama. Leo nasonga mimi."

Kwa hiyo beba unga, mwanangu, lakini uwe wa kugawa. Ukirudi, mfuko wako nitaufungua mwenyewe, nione wamekujazia nini.

Bibi yako