Mstari wa Buluu

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea na ugomvi wake na paka wa jirani, na paka ndiye anayeongoza. Baba mguu uliobaki unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, ila anakula vizuri. Salamu zake nitazifikisha mwishoni.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na safari hii nina sentensi nyingi.

Habari kubwa ni kwamba Kiroboto anatembea. Ndiyo, lile gari dogo jekundu la mbio la Baba, la viti viwili, ambalo uliniambia mara chungu nzima niwape wauza vyuma chakavu. Nilipoondoa turubai nilikuta panya wamehamia kwenye kiti cha dereva na sakafu imeoza hadi unaona ardhi. Nimekata kutu yote na kuchomelea mabati mapya. Injini nimeifungua hadi nati ya mwisho. Ndani nimeweka fremu ya mabomba ya chuma ili gari likipinduka dereva asipondeke, na viti vya zamani nimevitoa nikaweka vyepesi kupunguza uzito. Mama anasema natoka gereji nikinuka mafuta kama kibatari. Mbele bado bodi lina kipele kimoja cha rangi, lakini huko kwenye uwanja wako wa mbio hakuna atakayekiona, kwa sababu wataniona kwa nyuma tu.

Ulikuwa ukipiga simu kila wiki kuuliza nimefika wapi. Nilifurahi, nikadhani mapenzi ya gari yamekurudia. Nilipokwambia nimeanza na injini, ulishusha pumzi hadi nikaisikia. Uliponiuliza kuhusu magurudumu ya mbele, nikakujibu bado, ukasema hayo niyaache, utakuja kuyafanya mwenyewe. Ukarudia tena wiki iliyofuata. Hapo ndipo nikaenda kuyafungua.

Unaikumbuka sheria ya Baba ya rangi. Kwanza spana, halafu brashi. Ukishakaza nati mpaka mwisho ndipo unachora mstari mwembamba unaotoka kwenye nati na kuvuka hadi kwenye chuma kilicho chini yake, ili nati ikizunguka hata kidogo mstari ukatike na kila mtu aone. Baba alikuwa na rangi nyeupe, mimi nyekundu, wewe buluu. Alikufokea mara ngapi kwa sababu ulipenda kuchora kwanza na kukaza baadaye!

Kwenye gurudumu la mbele la kushoto nilikuta mpira wa kupitisha mafuta ya breki, ule ulionunua wewe, ambao Baba aliukataa katakata. Kwenye nati yake mstari mweupe wa Baba umekatika, kwa hiyo yeye alikaza, na mtu akaja kufungua baada yake ili kuufunga huo mpira wako. Pembeni yake kuna mstari wa buluu, mzima, umenyooka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Nikaigusa nati. Ilizunguka kwa vidole, kaka. Haikulegea njiani, maana ingelegea mstari wako ungekatika. Ulichora, ukaitwa au ukaona njaa, ukaondoka bila kukaza.

Nisingekuchukia kwa hilo. Mtu husahau. Lakini breki zilipomkatalia Baba kwenye kona ya mwisho ya mbio akaenda kubamiza ukuta, wewe ndiye uliyelikagua gari. Wewe ndiye uliyekwenda kusimama kando ya kitanda chake hospitalini, mguu wake ukiwa umeshakatwa, ukamwambia kwa upole kwamba nati ilikuwa haikukazwa. Akaamini ni yeye. Akafunga gereji, akaapa hatashika spana tena, na miaka yote hii ameketi pale barazani akijiita mzembe. Nawe umepata kiti chake cha udereva wa mbio, umekuwa Bingwa, na kila unapofundisha vijana unaanza kwa kuwaambia kwamba baba yako alisahau nati moja. Nimekusikia kwa masikio yangu. Walicheka, na wewe ukacheka.

Nina hasira, na sitaki ipoe. Umeomba Jumamosi, siku ya magari ya zamani, Kiroboto umwendeshe wewe mbele ya wageni wako, huku ukisimulia habari za Baba kwenye kipaza sauti. Kiroboto anakuja, ila naendesha mimi. Wewe chukua gari lako jipya. Nitakupita kwenye kona ile ile, na breki zangu zinashika.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikutaka kulianza nalo. Barua hii hadi hapo nimemsomea Baba kabla ya kuifunga. Nilipofika pale pa mstari wa buluu aliniomba nirudie, nikarudia. Akataka kuiona ile nati. Niliikata pamoja na kipande chake cha chuma bila kuifuta rangi, nikamwekea kiganjani. Akaizungusha kwa kidole gumba, taratibu, kwenda na kurudi. Kisha akalia, kaka, na siku aliyokatwa mguu hakulia. Alipomaliza aliniuliza ovaroli yake iko wapi. Jana nati zote za magurudumu ya Kiroboto amezikaza yeye, ameketi kwenye kigoda, na kila moja ina mstari mweupe.

Jumamosi kipaza sauti atakishika yeye. Nati ataibeba mfukoni.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama watoto wamepona mafua. Wasalimie wote hapo nyumbani. Salamu za Baba hazimo humu. Amesema atakupa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Rangi Nyekundu